Soma Maandishi ya Sabufa na TV Kabla Hujalipa

Ukiingia duka la elektroniki Kariakoo au Luthuli Avenue, macho huenda moja kwa moja kwenye namba kubwa iliyobandikwa mbele ya sabufa: 8,000, 12,000, hata zaidi. Usiinunue kwa namba hiyo.

Hatua ya 1: Geuza sabufa, tazama nyuma
Namba ya mbele ni PMPO, yaani mlipuko wa sauti wa kufumba na kufumbua, na hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vimekubaliana kuutumia. Wewe tafuta RMS: wati ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo, wimbo baada ya wimbo. Kama RMS haikuandikwa, soma lebo ya umeme pale waya wa plagi unapoingilia. Ikisema inakula wati 60, spika zote kwa pamoja haziwezi kutoa hata hizo 60 mfululizo, sembuse 10,000, kwa sababu sehemu ya umeme huishia kuwa joto. Inaniuma kuona mtu amejinyima miezi kadhaa, kisha analipia namba ya stika.

Hatua ya 2: Hesabu spika, kisha hesabu matundu
Kwenye sabufa iliyoandikwa 5.1, tano ni spika za kawaida: kushoto, katikati, kulia na mbili za nyuma. Hiyo moja ni ya besi. Maneno ya waigizaji kwa kawaida hutokea spika ya katikati. Lakini ukikuta nyuma kuna matundu ya AUX tu, jekundu na jeupe, jua mashine inapokea stereo, yaani sauti ya njia mbili tu, kushoto na kulia, na kuigawa tu kwenye spika zake. Kwa kutazama filamu katika 5.1 halisi kupitia TV, dai tundu la HDMI ARC (HDMI inayorudisha sauti ya TV kwenye sabufa) au optiko (waya wa sauti unaotumia mwanga), pamoja na alama ya Dolby Digital au DTS, ambayo ni miundo ya kubebea sauti ya 5.1.

Hatua ya 3: Kioo cha TV
Full HD ni pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa 1080. 4K ni 3840 kwa 2160, mara nne yake. TV nyingi za inchi 32 zina 1366 kwa 768. Tangazo likisema "inapokea 4K", uliza pikseli za kioo chenyewe.

Hatua ya 4: Unganisha
Chomeka waya wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, pande zote mbili. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo TV ya zamani zaidi itabidi utumie optiko. Kwenye mipangilio ya TV, washa CEC (inayoviwezesha vifaa kuwasiliana kupitia HDMI) na uchague sauti itokee ARC.

Kimya? Badilisha muundo wa sauti uwe PCM, yaani sauti isiyobanwa, maana huenda sabufa haielewi Dolby. Ikibaki kwenye PCM, sauti itatoka, ila kwa kawaida itakuwa stereo. Na kama midomo na maneno haviendi pamoja, ingia kwenye kipengele cha kuchelewesha sauti, usogeze kidogo kidogo huku ukitazama mtangazaji wa taarifa ya habari.