Somo: Kutafuta maana ya jina la Kiarabu au la Kiajemi

Maana ya jina haipatikani kwa kutazama cheti cha kuzaliwa. Tahajia yetu ya Kiswahili imefuta tofauti ambazo Kiarabu kinazihifadhi, na orodha nyingi za majina ya watoto hukosea hapo.

1. Vua irabu tuliyoongeza sisi. Hamadi ni Hamad, Rajabu ni Rajab. Ile -a ya Jamila iache. Ni alama ya kike ya Kiarabu chenyewe.

2. Pata maandishi ya Kiarabu. Hatua hii usiiruke. H yetu moja hubeba herufi tatu: ح (Hamadi), ه (Haruni) na خ (Hamisi, Hadija). Ain, ع, hatuiandiki kabisa. Ndiyo maana watu huchanganya Said, سعيد, mwenye heri, mzizi (konsonanti, kwa kawaida tatu, zinazobeba maana ya msingi) s-ʿ-d, ambapo ʿ ni ain, na Seyyid, سيد, bwana, mzizi s-w-d. Seyyid Said, sultani aliyefariki 1856, alibeba maneno mawili yasiyo na undugu.

3. Toa mzizi, kisha soma umbo, yaani irabu na herufi zilizouzunguka mzizi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mzizi ح-م-د ni kusifu. Hamid yenye *a* ndefu, حامد, ni mwenye kusifu. Yenye *i* ndefu, حميد, ni mstahiki wa sifa. Mahmud ni aliyesifiwa. Muhammad ni anayesifiwa kwa wingi, tena na tena, kwa sababu konsonanti ya kati imekazwa. Ahmad ni mwenye kustahili sifa zaidi. Orodha inayoandika "sifa" mbele ya yote imefanya nusu ya kazi. Ukishalijua umbo la Mahmud, umeshapata na Masoud (aliyejaliwa heri) na Mansur (aliyenusuriwa).

4. Mzizi ukikataa, usiulazimishe. Ibrahimu, Ismaili na Yusufu yana asili ya Kiebrania. Majina ya Kiajemi hayajengwi kwa mizizi ya konsonanti tatu. Mengi huunganisha maneno. Shahzad ni *shah*, mfalme, na *zad*, aliyezaliwa. Ukiona پ (p), چ (ch), ژ (zh) au گ (g), hiyo si Kiarabu fasaha. Lakini jina likishapita Kiarabuni herufi hizo hugeuka: Narges huwa Narjis. Farrokh, jina alilozaliwa nalo mwimbaji Freddie Mercury huko Zanzibar mwaka 1946 katika familia ya Waparsi (Wazoroasta wa India wenye asili ya Uajemi), ni Kiajemi: mwenye bahati njema.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Feruzi ni Kiarabu?
Asili yake ni Kiajemi, *piruz*, mshindi. Kiarabu hakina p, ndipo likawa Firuz.

Binti yetu ni Amina. Shangazi anasema maana yake ni salama, babu anasema mwaminifu. Nani yuko sahihi?
Wote wawili, ila kila mmoja anazungumzia jina tofauti. آمنة, yenye *a* ndefu mwanzoni, ni aliye salama, na ndilo jina la mama yake Mtume. أمينة, yenye *i* ndefu, ni mwaminifu. Mwulizeni aliyetoa jina alikusudia lipi, kisha liandikeni kwa Kiarabu kwenye kumbukumbu za ukoo.

Naweza kumwita mwanangu Abdul tu?
Limekatika hilo. Abdul ni "mja wa", na bado linangoja jina la Mwenyezi Mungu: Abdulrahman, Abdulkarim. Kwenye fomu liandike neno moja. Ukitenganisha "Abdul Karim", karani anaweza kuichukua Karim kuwa jina la baba, na kulirekebisha baadaye ni usumbufu.

Shukran kwa somo. Ni kweli Hadija ni njiti?
Ni kweli. Mzizi خ-د-ج husemwa juu ya ngamia jike anayezaa kabla ya wakati. Lakini anayempa binti yake jina hili anamkusudia Khadija bint Khuwaylid, mke wa kwanza wa Mtume. Kwa jina kama hili andika yote mawili, maana ya mzizi na mtu aliyelibeba.