Jinsi ya kusoma CV ya admirali wa enzi za utawala wa jeshi (mfano Nigeria)

Wasifu wa wakubwa wa wanamaji karibu zote zinafanana, alizaliwa sehemu fulani, akapelekwa kozi Uingereza, akapewa manowari, akapanda cheo, halafu ghafla bin vuu unakuta jamaa ni gavana, na mwandishi anapita hapo kama vile ni jambo la kawaida tu. Sasa kama unataka kuelewa mtu alifikaje alipofika, meli ziache kwanza. Natumia Nigeria maana wanajeshi walikaa madarakani muda mrefu sana, 1966 mpaka 1979, halafu tena kuanzia mwisho wa 1983 mpaka 1999 (hapo katikati, mwaka 1993, kuna serikali ya raia ya Shonekan, ila haikumaliza hata miezi mitatu), kwa hiyo mifano imejaa.

Chukua karatasi, upande wa kushoto andika tarehe za mapinduzi yaliyofanikiwa: 15 Januari 1966, 29 Julai 1966, 29 Julai 1975, 31 Desemba 1983, 27 Agosti 1985, 17 Novemba 1993. Chini yake ongeza na 8 Juni 1998, siku mtawala wa kijeshi Sani Abacha alipofariki, maana hayakuwa mapinduzi lakini viti vilihama vilevile. Upande wa kulia weka vyeo vya huyo mtu wako na mwaka alioingia na kutoka. Basi, nusu ya kazi umemaliza.

Mjaribu admirali Mike Akhigbe uone. Jenerali Babangida kachukua nchi mwisho wa Agosti 1985, Septemba Akhigbe kalamba uteuzi wa ugavana Ondo, mwaka uliofuata kahamishiwa Lagos mpaka 1988. Abacha kaingia Novemba 1993, na 1994 Akhigbe ni mkuu wa Jeshi la Majini. Abacha kafa Juni 1998, Abdulsalami Abubakar kashika nchi, na Akhigbe kapanda kuwa namba mbili wa serikali mpaka walipowakabidhi raia tarehe 29 Mei 1999. Ukisoma wasifu peke yake utasema mchapakazi huyu, na pengine kweli alikuwa, ila ukiweka na tarehe pembeni unaona kila ngazi imekuja baada ya ikulu kubadilisha mwenyewe.

Kinachofuata ni kuangalia kazi za nchi kavu, na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Murtala Nyako, mwanamaji kabisa, 1976 alipewa jimbo la Niger ambalo liko katikati ya nchi huko, bahari hawaioni hata kwa darubini. Lagos nayo kuanzia 1975 mpaka 1979 ilitawaliwa na wanamaji watatu mfululizo, Lawal, Kanu, Ukiwe. Kwa nini wao? Mi naona ni hesabu rahisi tu, serikali ilitaka ionekane ya majeshi yote, na mwanamaji hana vifaru wala vikosi vya kuizingira ikulu usiku, kwa hiyo ukimpa cheo kikubwa bado unalala usingizi. Ndio maana ukihesabu wakuu wa nchi wa kijeshi, kuanzia Ironsi, wa kwanza, mpaka Abdulsalami, hakuna hata mmoja aliyetoka majini, wote wa jeshi la nchi kavu. Lakini kiti cha namba mbili walikaa wanamaji wanne: Wey, Ukiwe, Aikhomu na huyo Akhigbe.

Usisahau na vita ya Biafra, 1967 mpaka 1970, pale mashariki ya nchi ilipojaribu kujitenga. Uliza alikuwa upande gani. Ndubuisi Kanu alipigana upande wa Biafra, na bado akaja kuwa gavana wa Imo halafu Lagos, kisha miaka ya tisini akawa na NADECO, muungano wa wanaodai demokrasia, wakimpinga Abacha waziwazi. Mtu wa namna hiyo ukimsoma kwa mstari mmoja wa "gavana mstaafu" umemdhulumu.

Halafu tafuta aliwatendea nini watu wa kawaida, kwenye CV hutakiona. Alfred Diete-Spiff, naye mwanamaji, alipewa jimbo la Rivers 1967 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. 1973 mwandishi mmoja wa gazeti aliripoti madai ya walimu, habari ikatoka siku ya birthday ya gavana, mwandishi akakamatwa, akachapwa viboko na kunyolewa kichwa, na aliyesimamia ni msaidizi wa gavana. Vitu kama hivi vitafute kwenye magazeti na kesi za mahakamani, kwenye kitabu cha kumbukumbu za mkubwa mwenyewe usitegemee sana.

Na mwisho wake aliondokaje, hiyo nayo muhimu. "Alistaafu" ni neno linaloficha mengi. Kama unataka kujipima anza na Ebitu Ukiwe, maana njia yake ni fupi: namba mbili wa Babangida tangu 1985, Januari 1986 Nigeria ikajiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu OIC, Ukiwe akasema hadharani jambo hilo halikupita kwenye baraza lao la utawala, na Oktoba 1986 akawa nje, nafasi yake kapewa Aikhomu, naye mwanamaji. Ziandike hizo tarehe kwenye karatasi yako halafu uone neno "alistaafu" linakaa wapi.