Chupa ya Bila Ushuru Isiishie Mikononi mwa Wakaguzi

Wiski yangu, lita 1 nzima, ilibaki mezani kwa wakaguzi nilipokuwa nikiunganisha ndege. Nilikuwa nimechana ule mfuko wa plastiki wenye ukingo mwekundu, ambao duka la bila ushuru hufungia chupa, ili nitoe risiti. Usiuguse! Risiti ikae ndani, ionekane, mpaka ufike mwisho wa safari. Ukishachanwa, chupa inahesabiwa kama kimiminika chochote kinachozidi mililita 100. Kama unalichukua begi kubwa njiani, viringisha chupa kwenye sweta uitie humo kabla ya kulikabidhi tena.

Forodha nayo ni habari nyingine. Kiwango cha pombe kisichotozwa ushuru hupangwa na nchi unayoingia, si duka lililokuuzia, na Kuwait hairuhusu hata chupa moja. Umezidisha? Sema mwenyewe kabla hujapekuliwa, ulipie ushuru.