Kabla mtoto hajarudi kwenye wavu

Kijana wa miaka 13 au 14 anayecheza voliboli akilalamika kwamba bega linamuuma kila akigonga mpira, tafadhali usimchue kwa dawa ukamrudisha uwanjani. Ncha ya juu ya mfupa wa mkono wake bado ina utepe wa gegedu, yaani tishu laini ambayo haijawa mfupa, na hapo ndipo mfupa huo hurefukia kwa takriban asilimia 80. Utepe huo ni dhaifu kuliko kano zinazouzunguka, nao haugeuki mfupa kamili hadi ujana unapokaribia kwisha. Mtu mzima angeumia kano. Mtoto huweza kuumia pale pale anapokulia. Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote aonwe na daktari, na ikibidi apigwe eksirei mabega yote mawili yalinganishwe.

Utepe ukiwa umeumia, mara nyingi huambiwa asirushe wala kugonga mpira kwa miezi 3 hivi. Hapa kaeni naye mkubaliane maana ya kupumzika. Sisi wa Mombasa tuna bahari mlangoni: kijana anaacha voliboli, kisha Jumamosi nzima yuko ufuo wa Pirates anaogelea, mkono ukipita juu ya kichwa tena na tena. Bega hilo halijapumzika hata kidogo. Akimbie mchangani, afanye mazoezi ya miguu na kiuno, maana nguvu ya kugonga huanzia huko.

Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli kinatosha kwa mazoezi ya kuvuta, lakini mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aseme lini aanze na amwelekeze. Misuli inayoshika kombe la mkono mgongoni ikilegea, bega hubeba kazi isiyo yake.

Makocha wenzangu, maumivu kuisha si ruhusa ya kucheza. Mkono uinuke na kuzunguka sawa na mwenzake, nguvu zikaribiane, ndipo aanze kupokea mipira ya chini, halafu kuanzisha mpira (sevu) kwa nguvu nusu, siku moja acheze na inayofuata apumzike. Kugonga kuje mwisho. Maumivu yakirudi, arudi hatua moja nyuma, hata kama fainali ni kesho. Na asipewe vidonge vya maumivu ili amalize mechi.

Bega lililoteguka ni jambo jingine: msilivute uwanjani. Lifungwe kwa kanga au leso kama lilivyo, apelekwe hospitali.