Kutoa sukari kwenye makapi ya muwa kwa maji moto yaliobanwa

Juisi ya muwa ya Forodhani, Unguja, sote twaijua, muwa unapitishwa mashineni mara tatu nne na ndimu na tangawizi, alafu makapi yanatupwa. Yakhe, kwenye hayo makapi sukari bado ipo nyingi tu, na sisemi ule utamu uliobakia, nasema ule mwili wenyewe wa muwa, maana nyuzi za mmea ni sukari zilizoshikana minyororo. Kuikata minyororo hiyo si lazima asidi, maji matupu yanaweza, ila yawe na joto la nyuzi 180 mpaka 200 za Selsiasi na yabanwe yasigeuke mvuke.

Kabla hujakimbilia jikoni kwa bimkubwa, presha kuka haifiki huko, inaishia nyuzi 120 hivi, na usijaribu kuziba valvu yake! Kwenye nyuzi 180 presha ni kama ba 10 (ba ni kipimo cha presha), tairi la gari lina 2 na kidogo, kwahiyo hii kazi ya maabara, chombo cha chuma kisichoshika kutu kilichopimwa kwa presha hiyo, kina geji na valvu ya usalama. Bomba la kuchomelewa mtaani hapana, hata fundi akiwa mjomba ako.

Makapi yaoshe kwanza kwa maji moto mara mbili tatu. Mie mara ya kwanza sikuosha, nkapima nkaona sukari kibao nkafurahi weee, kumbe napima juisi. Yakishakauka juani katakata yawe kama punje za mchele, gramu 10 kwa mililita 100 za maji. Makumbi ya nazi usianze nayo, yana lignini nyingi mno, ile gundi ngumu ya mmea isokuwa sukari, yatakuvunja moyo.

Chombo usikijaze, acha thuluthi moja wazi. Maji yakipata moto yanatanuka, yakikosa pa kwenda presha inaruka ghafla na hapo ndo watu wanapoumia.

Washa, ikifika 180 anza kuhesabu, nusu saa yatosha, ukienda 200 basi dakika 10 tu. Mle ndani makapi yanajitolea siki yao wenyewe, na hiyo siki inasaidia kukata hemiselulosi, ile minyororo laini ya sukari, ndo inayoachia mwanzo. Selulosi, minyororo mirefu iliyobanana, ni ngumu, yataka moto wa kupita 230, na hapo sukari inaungua haraka kuliko unavoitoa. Ndo mtihani wa kazi hii, moto si shida, shida kujua wakati wa kutoa. Ukichelewa zailosi, ile sukari ya hemiselulosi, inageuka fafuro (furfural), utaijua kwa harufu, kama lozi hivi.

Muda ukitimia kizamishe chombo kwenye ndoo ya maji baridi, na usifungue mpaka kipoe kabisa na geji isome sifuri. Chuja kwa kitambaa, maji yatatoka rangi ya chai ya rangi yananukia sukari iloungua, ukipima asidi utakuta pH 4 hivi au chini yake.

Sasa Benedict, ile ile dawa ya buluu ya skuli ya kupimia sukari. Tia magadi kwanza uue asidi, kidogo kidogo maana yatapiga povu mpaka mezani. Ikitoka kijani au manjano badala ya wekundu wa tofali usikate tamaa, sukari nyingi bado ni vipande vifupi vya mnyororo, hazijawa mojamoja. Ukitaka kuzimaliza, chukua maji ambayo hujayatia magadi, tia asidi ya salfa ifike asilimia 4 (mwalimu awepo), weka kwenye otoklevu (chombo cha maabara cha mvuke wa presha) nyuzi 121 kwa saa moja, alafu pima tena.

Na yale machicha yaliobaki kwenye kitambaa usiyatupe, humo ndo ilimo selulosi, na saivi imelegea, vimeng'enya vya selulezi, vile vinavyokata selulosi, vinaingia vizuri. Viweke nayo kwenye maji ya pH 5, nyuzi 50, siku mbili mpaka tatu, ukitikisa. Ila usionje chochote hapo, fafuro ni sumu.