Jinsi ya kuthamini na kuuza haki za gesi ulizorithi Pennsylvania

Dada mmoja, mzaliwa wa Tanga, alinipigia simu arobaini ya mumewe haijafika. Alikuwa ameshika barua ya kampuni asiyoijua, na ndani yake karatasi inayofanana kabisa na hundi: dola 11,000, kwa ajili ya haki zote za mafuta na gesi za marehemu katika kaunti ya Washington, Pennsylvania. Wala hakuniuliza kama bei ni nzuri. Aliuliza, "Gesi gani, kaka? Si tulikuwa na nyumba tu?"

Ana haki ya kushangaa. Kwetu, gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay ni mali ya taifa, na mwenye shamba juu yake hana lake. Marekani ni tofauti: mwenye ardhi humiliki na kilichomo chini yake, na anaweza kuuza shamba akabakiza gesi. Ndiyo maana mtu anayeishi mjini anaweza kuwa na gesi chini ya ng'ombe wa watu wengine. Mwaka 2004, gesi ya Songo Songo ilipoanza kufika Dar es Salaam, ndipo pia kampuni ya Range Resources ilipopasua mwamba wa Marcellus katika kisima cha Renz, kaunti hiyohiyo ya Washington. Tangu hapo karatasi zilizokuwa zikioza makabatini zikawa na bei.

Kama umerithi haki za namna hii, fuata utaratibu huu. Ni wa Pennsylvania. Majimbo mengine yana sheria zao.

Kwanza, iache ile hundi

Mara nyingi hiyo si hundi bali drafti. Italipwa baada ya siku kadhaa, tena kama mnunuzi ataridhika, na wakati huo wewe umeshasaini hati ya kumhamishia mali. Nyuma ya nyingine kuna maandishi madogo yanayogeuza saini yako kuwa makubaliano. Iweke kwenye bahasha yake, andika tarehe uliyoipokea, uitunze. Itakufaa baadaye kama bei ya chini ya kuanzia mazungumzo.

Pili, fungua mirathi kwenye kaunti inayohusika

Hakuna mnunuzi makini atakayelipa mtu asiye na karatasi za mirathi. Nenda ofisi ambayo mlangoni imeandikwa Register of Wills, katika kaunti aliyokuwa akiishi marehemu. Chukua cheti halisi cha kifo, wosia halisi kama upo, na kitambulisho chako. Ukishateuliwa kuwa msimamizi, omba vyeti vile wanavyoviita short certificate, walau vinne au vitano, kwa kuwa benki, kampuni ya gesi na mnunuzi kila mmoja atataka chake. Kama marehemu aliishi jimbo lingine au nje ya nchi, itabidi kufungua mirathi ya nyongeza Pennsylvania, kwa sababu gesi iliyo ardhini huhesabiwa kuwa mali isiyohamishika na hufuata sheria ya mahali ilipo.

Hapo ndipo jamaa zetu wengi hujikwaa. Kama hakuna wosia, mafungu ya Kiislamu hayatumiki, wala mila za ukoo. Mjane mwenye watoto aliozaa na marehemu hupata dola 30,000 za kwanza na nusu ya kinachobaki. Kama marehemu ana mtoto wa mama mwingine, mjane hupata nusu tu. Yule bibi aliyezoea kusikia thumni ya mke atakutana na thumni yake mbele kidogo, lakini kwa sababu nyingine kabisa.

Kisha kuna kodi ya urithi ya jimbo: mume au mke asilimia 0, watoto waliozidi miaka 21, wajukuu na wazazi 4.5, ndugu wa marehemu 12, wengine 15. Fomu ni REV-1500, na kama marehemu hakuwa mkazi wa Pennsylvania ni REV-1737-A. Una miezi 9 tangu siku ya kifo. Ukilipa ndani ya miezi 3 unapunguziwa asilimia 5.

Tatu, ujue unamiliki kiasi gani

Hatua hii usiipite mbio. Wengi huuza kitu ambacho hawajawahi kukipima.

Ofisi ya usajili wa hati ya kaunti ina vitabu vya majina ya waliouza na walionunua. Anza na jina la marehemu, urudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Hati za zamani zimeandikwa kwa mkono, wino umekuwa wa kahawia, na sentensi moja inajaza ukurasa mzima. Unachotafuta ni mahali muuzaji anaposema anabakiza kitu. Soma maneno yenyewe. Tangu kesi ya Dunham ya 1882, mahakama za Pennsylvania husema neno "madini" peke yake halibebi mafuta wala gesi. Lazima vitajwe au ithibitike kwamba wahusika walivikusudia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya jimbo iliulizwa kama gesi ya Marcellus ibadilishe msimamo huo, ikakataa. Kwa hiyo babu aliyeuza "madini yote" mwaka 1905 huenda aliuza makaa ya mawe tu, na gesi ikabaki kwenye ukoo.

Kwa yule dada tulikuta hivi: shamba la eka 80, babu wa mumewe alibakiza nusu ya mafuta na gesi, wajukuu walikuwa watatu, mumewe alimwachia fungu lake lote kwa wosia. Eka 80 mara nusu mara theluthi ni eka 13.33. Hizo ndizo eka zake halisi, si 80 zilizoandikwa kwenye barua.

Tafuta pia mkataba wa ukodishaji. Kama kampuni ilikodi na kisima bado kinatoa gesi, mkataba huo unaendelea hata kama uliandikwa wa miaka mitano. Ndani yake utaona mrabaha, yaani fungu la mauzo ya gesi analolipwa mwenye haki. Kwa sheria ya 1979, Pennsylvania hairuhusu mrabaha chini ya thumni, yaani asilimia 12.5. Lakini mwaka 2010 mahakama iliamua kwamba kampuni inaweza kukata gharama za kusafirisha na kusafisha gesi kabla ya kukulipa, isipokuwa mkataba wako uwe umekataza. Kipengele kimoja cha makato kinaweza kupandisha au kushusha thamani kuliko eka tano za ziada.

Nne, thamani

Sehemu yako kwenye kisima hupatikana hivi: eka zako, gawanya kwa eka za uniti nzima (eneo lote lililounganishwa kwa ajili ya visima hivyo), zidisha kwa mrabaha. Uniti ya eka 640 inampa dada yetu 13.33 ÷ 640 × 0.125, yaani 0.0026. Gesi ya dola milioni moja ikiuzwa mwezi huo, chake ni kama dola 2,604 kabla ya makato. Linganisha namba hiyo na iliyo kwenye stakabadhi za kampuni. Zisipolingana, uliza kwa barua.

Kukusanya hundi za mrabaha za miezi 12 ni kazi rahisi. Wanunuzi wengi hutumia kanuni ya mkato: wastani wa mwezi mara 36 hadi 60. Ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu visima vya mwamba huu hutoa gesi nyingi mwanzoni kisha hushuka haraka. Hundi nono za kisima cha mwaka mmoja si sawa na hundi ndogo, tulivu, za kisima cha miaka kumi. Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya jimbo huweka mtandaoni, bure, kiasi ambacho kila kisima kimetoa. Angalia mteremko wake. Angalia pia vibali vipya vya kuchimba: kisima ambacho hakijachimbwa nacho kina bei, na mnunuzi anakijua kabla yako.

Bei ya gesi yenyewe haina adabu. Wastani wa Henry Hub, bei inayotumika kama kipimo cha gesi Marekani, ulikuwa kama dola 2 kwa kila MMBtu (kipimo cha joto la gesi) mwaka 2020, ukapita 6 mwaka 2022, ukarudi karibu na 2 mwaka 2024. Na gesi ya Pennsylvania mara nyingi huuzwa chini ya hapo, kwa kuwa mabomba ya kuitoa hayatoshi.

Lipa mthamini akuandikie thamani ya siku ya kifo. Usione ni gharama ya bure: kodi ya faida huhesabiwa kuanzia thamani hiyo, si bei aliyonunulia babu. Ikiwa ni 30,000 na ukauza 31,000, faida yako ni 1,000.

Tano, tafuta wanunuzi watatu, si mmoja

Wape wote karatasi zilezile, siku ileile. Dada yetu, ambaye hundi zake za mrabaha zilikuwa wastani wa dola 640 kwa mwezi, alipata 19,000, 26,000 na 31,000. Yule wa 11,000 alipiga simu tena akasema alikuwa "akianzia tu".

Si lazima uuze yote. Unaweza kuuza nusu, au mrabaha peke yake ukabaki na haki ya kukodisha. Mkataba upitiwe na wakili wa mafuta na gesi, si wakili wa talaka aliye jirani. Kataa kudhamini umiliki wa vizazi vyote. Dhamini kipindi chako tu. Na fedha zipite kwa wakala wa kati, zitolewe hati inapopokelewa kusajiliwa.

Sita, ukiwa Dar es Salaam au Nairobi

Saini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Marekani. Kila muhuri ni dola 50, kwa miadi. Kama si raia wala mkazi wa Marekani, mnunuzi hukata asilimia 15 ya bei yote na kuipeleka mamlaka ya kodi ya Marekani. Utadai ziada kwa fomu 1040-NR, na utahitaji namba ya mlipakodi kwa fomu W-7. Anza na W-7 mapema, inachukua wiki nyingi.

Kitu kimoja kingine kwenye mkataba wa mauzo: tarehe unapoanza kufanya kazi, yaani siku ambayo gesi inayotoka tangu hapo ni ya mnunuzi. Kampuni hulipa gesi ya Januari mwezi Machi au Aprili. Dada yetu alipokea hundi miezi miwili baada ya kuuza, mnunuzi akaidai. Tulifungua mkataba: ulisema tarehe 1 Juni, na hundi ilikuwa ya gesi ya Mei. Ilikuwa ya dada yetu.