Jinsi ya Kuandaa Orodha ya Marejeo Yenye Maelezo kwa Somo la Sayansi Chuoni

Mwanafunzi wa chuo cha Arusha au Moshi aliyepewa kazi hii, yaani kuorodhesha vyanzo na kuandika chini ya kila kimoja aya fupi ya kukitathmini, aanze na mwongozo wa kozi, kwa kuwa humo ndimo mhadhiri anamotaja idadi ya vyanzo, urefu wa maelezo na mtindo wa kunukuu. Kisha aandike swali lake katika sentensi moja. “Maji ya Arumeru” si swali. Lakini kuuliza ni njia ipi ya kupunguza floraidi inayozifaa kaya zilizo kando ya Mlima Meru, ambako miamba ya volkano husababisha maji ya chemchemi na visima vingi kuzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ni swali linaloweza kutafutiwa makala.

Utafutaji hauna ugumu: tovuti za kutafutia makala za kitaaluma kama Google Scholar, PubMed na African Journals Online hutumika bila malipo, na makala isiyofunguka aulizwe mkutubi.

Kazi hasa imo katika maelezo, na wengi hupoteza alama kwa kufupisha ikisiri tu, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwa makala. Ikisiri ni kauli ya mtafiti kuhusu kazi yake mwenyewe, ilhali mhadhiri anataka tathmini ya msomaji. Hivyo sehemu ya mbinu isomwe kabla ya hitimisho, ili ijulikane sampuli zilichukuliwa wapi, msimu gani, na zilipimwaje. Kwa mfano, utafiti unaosifu chujio la mkaa wa mifupa, ikiwa ulitumia maji yaliyotayarishwa maabara, hautoshi kuthibitisha kwamba chujio hilo litafanya kazi vilevile kwa maji halisi ya Meru, kwani baikaboneti (aina ya chumvi iliyoyeyuka) nyingi iliyomo huweza kupunguza uwezo wa mkaa kunasa floraidi. Upungufu huo utajwe waziwazi. (Iwapo watumiaji watakubali mifupa ya mnyama yeyote ni suala jingine, nalo lastahili chanzo chake.) Sentensi mbili zieleze kilichofanyika, mbili zipime uzito wake, na ya mwisho ionyeshe kinachosaidia katika swali.

Mtindo wa kunukuu wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) ukitakiwa, vyanzo vipangwe kialfabeti kwa majina ya ukoo, na kila kiungo cha DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni) kifunguliwe kabla ya kuwasilisha, hasa pale rejeo lilipopendekezwa na programu ya akili mnemba, ambayo huweza kubuni makala isiyokuwepo.